MAISHA YA HERMAN HOLLERITH, MTU ALIYEZIPA KADI KAZI YA KUHESABU

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii wengi wetu tumeitia katika insha tangu shule ya msingi, hata pale ambapo haikuhusu kitu. Leo nawasimulia maisha ya mtu aliyeiishi methali hiyo, ingawa sidhani aliwahi kuisikia. Jina lake ni Herman Hollerith.

Wanaosoma Kompyuta wanalijua jina hilo kutoka historia ya kompyuta. Mara nyingi huwa ni mstari mmoja au miwili tu, kisha somo linasonga mbele. Mimi nilimrudia mwaka huu tulipoanza kuandika programu kwa lugha ya C na kujifunza jinsi ya kuhifadhi rekodi ndani ya faili. Kumbe kazi tunayohangaika nayo katika chumba cha kompyuta, yeye aliianza kwa karatasi ngumu na sindano, zaidi ya miaka 130 iliyopita! Ndiyo sababu nimeona si vizuri abaki mstari mmoja.

Herman Hollerith alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, nchini Marekani. Kwa hivyo sikukuu yake ya kuzaliwa ilikuja mara moja kwa miaka minne. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Baba yake alifariki Herman akiwa bado mtoto, na mama akabaki na mzigo wa kulea. Mama huyo hakutaka kuwategemea jamaa zake. Alitengeneza kofia na kuziuza, na kwa kofia hizo watoto wakala na wakasoma. Sisi wa Kakamega hatuhitaji kuelezwa mama wa aina hiyo ni nani. Tunapita kando ya meza zao sokoni kila asubuhi tukija shule.

Shuleni Herman hakuwa malaika. Somo la tahajia lilimshinda kabisa. Inasimuliwa kwamba kipindi hicho kilipokaribia alikuwa akitoroka, na siku mwalimu alipofunga mlango kwa ufunguo, kijana aliruka kupitia dirishani kutoka ghorofani akaenda zake. Wenzangu msijaribu, madirisha yetu yana vyuma. Mwishowe alitolewa shuleni akawa anafundishwa peke yake na mchungaji mmoja wa Kilutheri. Lakini msimdharau. Huyo aliyeshindwa na tahajia alikuwa moto katika hesabu na mitambo. Mwaka 1879, akiwa na miaka 19 tu, alihitimu uhandisi wa madini katika chuo cha Columbia mjini New York. Profesa wake, William Trowbridge, alikuwa amepewa kazi katika sensa ya Marekani ya mwaka 1880, naye akamchukua kijana awe msaidizi wake. Hapo ndipo maisha yake yalipopata njia.

Katiba ya Marekani inataka watu wahesabiwe kila baada ya miaka 10. Mwaka 1880 walipatikana watu zaidi ya milioni 50. Kuwaandika watu hao haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa kuwahesabu baada ya kuwaandika. Karani aliketi na lundo la fomu, akasoma moja moja kwa macho, akapiga kijistari: mwanamume mmoja, mkulima mmoja, mzaliwa wa nje mmoja. Akiulizwa wakulima waliozaliwa nje ni wangapi, anarudi mwanzo wa lundo na kuanza upya. Kila swali jipya lilikuwa safari mpya. Kazi hiyo ilivuta miaka mingi hata watu wakaingiwa na hofu kwamba sensa ya 1890 ingefika kabla ya ile ya 1880 kumalizika.

Mkubwa wa takwimu za vifo na magonjwa, Dakta John Shaw Billings, alimkaribisha Hollerith nyumbani kwake kwa chakula cha jioni. Katika mazungumzo daktari aligusia kwamba ingefaa kuwe na mashine ya kufanya kazi hii ya kuhesabu. Wengine wangelisikia neno hilo na kuendelea kula. Hollerith aliondoka nalo.

Mwaka 1882 alikwenda kufundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, lakini alikaa mwaka mmoja tu, maana hakupenda kurudia masomo yale yale kwa darasa jipya. Walimu wetu wanaofanya hivyo kila mwaka bila kutukimbia, tunawashukuru. Kutoka hapo alifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Washington, na mwezi wa Septemba 1884 akaomba hataza yake ya kwanza.

Hapa ndugu msomaji nakuomba utulie kidogo, kwa sababu ndipo utamu ulipo. Wazo lake la kwanza halikuwa kadi. Lilikuwa ukanda mrefu wa karatasi, wenye matundu yanayoeleza habari za mtu mmoja baada ya mwingine. Ubaya wa ukanda ni kwamba ukimtaka mtu wa elfu moja, lazima uwapite watu mia tisa na tisini na tisa waliomtangulia. Tena huwezi kumtoa mmoja ukampanga na wenzake. Basi akauacha ukanda, akampa kila mtu kadi yake. Fununu aliipata katika gari la moshi. Wakati huo makondakta wa huko walikuwa wakitoboa tiketi mahali maalum kuonyesha sura ya abiria: nywele zake, macho yake, pua kubwa au ndogo, ili tiketi isiibwe na mtu mwingine. Hollerith aliona kwamba tundu lenyewe halina maana yoyote. Maana inatokana na mahali lilipo.

Kadi zake za sensa zilikuwa hivyo. Kadi moja ni mtu mmoja. Sehemu hii ya kadi ni jinsia, ile ni umri, nyingine ni kazi, nyingine ni mahali alipozaliwa, na mpangilio huo haubadiliki kutoka kadi ya kwanza hadi ya mwisho. Karani alitoboa kwa kifaa maalum, kisha kadi ikawekwa chini ya sindano nyingi zenye springi. Palipo na tundu, sindano ilipenya ikazama katika kikombe kidogo cha zebaki, umeme ukapita, na mshale wa saa ya kuhesabia ukasogea hatua moja. Saa hizo zilikuwa 40 mbele ya mashine. Pembeni palikuwa na sanduku la vyumba vyenye vifuniko. Kifuniko kimoja kilifunguka chenyewe kwa umeme, na karani akaitia kadi humo. Sasa wale wakulima waliozaliwa nje wangeweza kutengwa na wengine bila macho ya mtu kuchoka.

Linganisha na tunachofanya katika C. Tunataka kuhifadhi habari za wanafunzi, kwa hivyo tunaunda struct yenye vitu vitatu: namba ya usajili, jina la herufi 30, na alama. Hiyo struct ni kadi isiyotobolewa bado. Tunafungua faili kwa wb, yaani kuandika kwa bainari, kisha fwrite inaichukua rekodi nzima jinsi ilivyokaa katika kumbukumbu ya kompyuta na kuitia ndani ya faili, baiti kwa baiti. Baadaye tunafungua kwa rb, na fread inairudisha katika struct ya umbo lile lile.

Mtu atauliza, kwa nini tusiandike maandishi ya kawaida kila mtu ayasome? Chukua idadi ya watu wa kaunti yetu ya Kakamega katika sensa ya 2019, watu 1,867,579. Ukiiandika kama maandishi bila vituo, inachukua baiti 7, na idadi ya kijiji cha watu 900 inachukua 3. Urefu unabadilika kila mara. Katika bainari, kwenye kompyuta zetu, namba ya int inachukua baiti 4 iwe kubwa au ndogo. Basi rekodi zote zinakuwa na urefu mmoja kama kadi za Hollerith. Ukiitaka rekodi ya mia moja huhitaji kusoma zile 99. Unaiambia fseek iruke urefu wa rekodi mara 99 na unafika mlangoni. Huko ndiko kuuacha ukanda na kushika kadi.

Kuna jambo moja la kuangalia. Ukijumlisha kwa kidole, namba ni baiti 4, jina 30, alama 4, jumla 38. Lakini ukiuliza kwa sizeof, kompyuta nyingi hujibu 40. Hizo mbili ni nafasi tupu ambazo mashine hujiwekea baada ya jina ili alama ianze mahali panapogawanyika kwa nne. Kwa hivyo mtu akiruka kwa 38 ataangukia katikati ya rekodi ya mtu mwingine. Vile vile, ukiongeza jina liwe herufi 40 leo, faili la mwaka jana litasomeka kama kichekesho, wala kompyuta haitakuonya. Itakupa jibu tu, na jibu ni uongo. Faili la bainari, kama kadi yenye matundu, haliwezi kujieleza lenyewe. Asomaye lazima aushike mpangilio ule ule alioushika aliyeandika.

Turudi kwa Hollerith. Alijaribu mfumo wake kwa takwimu za vifo katika mji wa Baltimore, na tarehe 8 Januari 1889 akapata hataza zake kuu. Mwaka huo huo ofisi ya sensa ilipanga mashindano. Mifumo mitatu ilipewa karatasi zile zile za watu wa mji wa St. Louis. Wenzake wawili walitumia vikaratasi vya rangi na wino wa rangi. Kunakili habari kulimchukua Hollerith saa 72 na nusu, wapinzani wake wakachukua zaidi ya 100 kila mmoja. Kisha ikaja kuhesabu na kupanga. Wao walimaliza kwa saa zaidi ya 40. Yeye alimaliza kwa saa 5 na nusu hivi. Mashindano yakaisha hapo!

Sensa ya 1890 ikafanywa kwa mashine zake, na mwaka ule ule hesabu ya jumla ikatangazwa: watu zaidi ya milioni 62. Cha ajabu, watu wengi hawakufurahi. Walitarajia wawe wengi zaidi, kwa hivyo wakasema ati mashine imekosea. Mwaka huo Hollerith alifunga ndoa na Bi. Lucia Talcott, wakajaliwa watoto sita, na Columbia ikampa shahada ya udaktari. Austria, Kanada na baadaye Urusi zilitumia mashine zake.

Lakini sensa ni kazi ya mara moja kwa miaka 10, na tumbo halingoji miaka 10. Hollerith akaenda kwa watu wa reli. Kampuni ya reli ya New York Central ilikuwa na mamilioni ya hati za mizigo kila mwaka. Mara ya kwanza mashine zake hazikuwafaa, maana zilijua kuhesabu moja, mbili, tatu, ilhali reli ilitaka kujumlisha uzito na fedha. Alirudi akaziunda upya ziweze kujumlisha. Kadi nayo ikabadilika. Sasa ilikuwa na safu za tarakimu kuanzia 0 hadi 9. Safu kadhaa kwa namba ya kituo, kadhaa kwa uzito, kadhaa kwa nauli. Hapo kadi iliacha kuwa ya sensa tu ikawa chombo cha kazi yoyote. Mwezi wa Desemba 1896 alianzisha kampuni yake, Tabulating Machine Company.

Tabia yake sasa. Alikuwa mwepesi wa hasira na mgumu kupinda. Mashine zake hakuuza, alizikodisha. Mkuu mpya wa sensa alipolalamika kuhusu bei, walikosana, na mwaka 1905 Hollerith akaziondoa mashine zake. Ofisi ya sensa ikamtumia fundi mwingine, James Powers, kuunda mashine za sensa ya 1910. Hollerith alikwenda mahakamani na hakufaulu. Nadhani hapa kiburi kilimgharimu. Aliunda kitu ambacho dunia nzima ilikihitaji, kisha akadhani hakuna mwingine awezaye kukiunda.

Mwaka 1911, afya ikiwa imeanza kumsumbua, aliiuza kampuni ikaunganishwa na nyingine. Muungano huo ulipewa jina la IBM mwaka 1924. Yeye alistaafu akawa anafuga ng'ombe katika shamba lake Maryland. Alifariki mjini Washington tarehe 17 Novemba 1929.

Hadithi yake ilifika hadi kwetu. Huko Uingereza kampuni ilikuwa imeundwa mwaka 1902 ili kuuza mashine za Hollerith. Nyingine ikaundwa kwa mashine za mpinzani wake Powers. Mwaka 1959 mahasimu hao wawili waliungana wakaitwa ICT, wenyewe wakiwa kaburini zamani. Na mwaka 1960, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilileta mashine ya kampuni hiyo, ICT 1202, nayo huhesabiwa kuwa kompyuta ya kwanza nchini Kenya. Ililishwa kadi zenye matundu. Ni shirika lile lile ambalo njia yake ya reli ilitoka Nairobi, ikafika Kisumu, na tawi lake likaja Butere hapa kwetu. Kwa hivyo kadi zilianza na tiketi ya gari la moshi Marekani na zikafika Kenya kwa watu wa gari la moshi.

Kabla sijamaliza kuna mambo mawili yananisumbua, na sitaki kuyaruka kwa sababu namsifu mtu.

La kwanza ni hili. Kadi ya Hollerith haikuwa na jina la mtu. Majina yalibaki katika fomu za karatasi. Mwezi wa Januari 1921 moto ulizuka katika jengo la serikali mjini Washington, fomu nyingi za sensa ya 1890 zikaungua au zikalowa maji, na zilizobaki baadaye zikatupwa karibu zote. Hivi leo idadi ya watu wa 1890 inajulikana, lakini Mmarekani akitafuta babu yake katika sensa hiyo hampati. Kile usichokitengea nafasi katika rekodi, kimekufa siku karatasi inapokufa.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilihesabu watu wa Ujerumani kwa mashine za aina ya Hollerith, na sensa ya 1939 ikauliza asili ya mababu wa kila mtu ili Wayahudi wajulikane. Hollerith alikuwa ameshafariki, hana hatia hiyo. Ila mashine haiulizi inahesabu kwa ajili gani. Nasi tusidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Sheria ya ukoloni ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa Kenya mwenye miaka 16 na zaidi kubeba kipande. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Ndani yake mlikuwa na rekodi iliyopangwa vizuri kabisa: jina, alama za vidole, wilaya, tajiri wake, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa, mshahara. Hakikuwa na matundu, lakini mpangilio ulikuwa wa mtu mwingine, na nafasi zilitengwa kwa yale aliyoyataka tajiri. Mimi nina miaka 16. Ningalikuwa mvulana wa wakati huo, rekodi hiyo ingalining'inia shingoni.

Ndipo ninaposema kwamba kazi ya kupanga rekodi si ya kompyuta tu. Anayeamua nafasi zipi ziwepo ndiye anayeamua mtu atajulikana kwa lipi. Nyinyi mtakaoandika programu za zahanati, za ushirika wa wakulima au za shule, kabla hamjagusa fwrite, kaeni na wale ambao habari zao zitaandikwa na muwaulize. Kisha mpangilio wenu uandikeni kwenye karatasi kwa Kiswahili safi: kitu cha kwanza ni nini, kina baiti ngapi, cha pili ni nini. Karatasi hiyo ikipotea faili litakuwapo, lakini hakuna atakayelisoma.

Herman Hollerith alituachia daftari lisilohitaji macho. Macho ya kuangalia limeandikwa nini, na kwa faida ya nani, hayo ni juu yetu.